Karasha Nililolegeza Bila Fundi Kujua

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijamkosea zaidi mtu aliyenitendea wema, mimi ni Mama Onesmo wa Rwamgasa, nimeishia darasa la saba, mume aliponiacha na mimba fundi Magesa alinipokea kwenye karakana yake ya kutengeneza makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, akanifundisha kukereza chuma, mwanangu kajifunza kutambaa pale pale, na kila siku namshukuru Mungu kwa ajili ya mzee huyu. Sasa ana desturi yake, kila kiungo anakipima kwa kipande cha karatasi ya daftari, karatasi ikipenya kitu kinarudi kwenye mashine, iwe shafti inayozunguka, iwe mfuniko tu wa vumbi, kwa hiyo karasha moja linatuchukua wiki tatu, bei inapanda, wateja wanakimbilia kwa mafundi wa Masumbwe, naye akaanza kusema atafunga. Alipoumwa mgongo akaniachia kazi, basi shafti na beringi nikavibana alivyonifundisha, lakini mfuniko, kinga ya mkanda na matundu ya bolti za miguu ya beringi nikaviachia nafasi, makarasha mawili yakatoka kwa siku tisa tisa, wenyewe wanayasifu, na juzi mzee akaniambia mbele ya watu, "Mwanangu, mkono wako sasa umekuwa mkono wangu." Nikaenda nyuma kunyonyesha, nikalia. Nimwambie, au ninyamaze karakana ipone?

Mama Onesmo, marahaba. Pole kwa uchovu, na shukrani yako nimeiona. Ila njia mpya uliyoigundua umemficha mwenye karakana, na hilo si shukrani.

Nimemuuliza mkerezaji mmoja. Anasema umeona vizuri: kubana chuma ni gharama, kwa hiyo bana kinapozunguka, achia kinapofunika tu. Lakini miguu inayobeba beringi hukupaswa kuilegeza. Nafasi ndogo hapa na ndogo pale zikijumlishana, shafti inakaa upande na mkanda unakatika. Wewe hukulijua hilo. Magesa angekwambia, kama ungemuuliza.

Kesho asubuhi piga goti umsalimie kama kawaida yako, usianze na machozi. Sema, "Baba, nimepima kwa njia yangu, naomba unikosoe." Akifoka, mwache afoke, kazi imetoka kwa jina lake. Kisha nendeni kwa wateja wote wawili, mkakaze miguu hiyo bila kuwadai hela, na mzee aone kwa macho yake mfuniko uliolegea usivyozuia jiwe kusagika. Hapo ndipo mtakaa mkubaliane kipi kibanwe, kipi kiachiwe.

Karasha la tatu lisitoke karakanani kabla hamjaongea.