Limau na Chumvi kwenye Senti za Marekani

Jumapili, 5 Oktoba 2008

Pakiti ya tatu ya senti za Marekani tangu chai ya asubuhi. Hakuna kitu. Nazitazama kwa lenzi moja moja: mwaka, herufi, kidevu cha Lincoln. Mume wangu Idi anasema mkewe anatafuta makosa ya watu hata kwenye hela. Kweli. Chuma cha kuchapia kikichongwa vibaya huko kiwandani, herufi zinatoka mbili mbili, na hiyo ndiyo raha yangu. Nzuri kuliko zote ninayo moja, ya 1972. Neno LIBERTY limejirudia kama mtu na kivuli chake. Jumamosi naipeleka kwenye mkutano wetu wa wakusanyaji, pale mkahawani, barabara ya Chaussée d'Ixelles. Tonton Kabeya, mjomba wa sote pale, ataichukua na kunipa robo dola yake ya Wisconsin, ile yenye jani la ziada kwenye gunzi la hindi. Nimeitamani mwaka mzima.

Mama mkwe kalala. Kaja huku ughaibuni kutoka Tanga kutibiwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kwanza Jumanne ya tarehe 14. Simchukii. Ila jikoni kwangu sina nafasi tena.

Jumanne, 7 Oktoba

Mama kahamisha viungo vyote. Anavijua kwa kunusa. Mimi sivijui. Chai yangu leo ilikuwa na bizari.

Haoni vizuri lakini kukaa hawezi. Amefua mapazia yaliyokuwa safi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimerudi kutoka ofisini, mtaa wa Schuman, nikakuta senti zangu zimeanikwa kwenye taulo la jikoni. Zinang'aa kama vijiko vya harusi. Mama kasimama pembeni, anatabasamu.

"Nimekusafishia hela zako, mwanangu. Zilikuwa chafu, vidole vyangu vimeona."

Limau, chumvi na stilwaya. Ya 1972 imo.

Kwa mkusanyaji, sarafu iliyosuguliwa imekwisha. Ile rangi ya shaba iliyokomaa hairudi. Nikasema ahsante Mama. Nikaingia bafuni, nikafungua bomba, nikalia. Nina hasira. Namtaka arudi Tanga. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Shikamoo asubuhi, sahani mezani jioni. Zaidi ya hapo sikumsemesha.

Idi kamweleza mama yake zile senti zilikuwa nini. Bora asingemweleza.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sanduku la Mama liko mlangoni, limefungwa. Kamwambia Idi amtafutie ndege.

"Mtu asiyeona hakai nyumbani kwa watu. Anaharibu."

Hospitali hataki tena. Idi alinitazama. Ningependa anigombeze. Hasira yote imeniishia, imebaki aibu. Mama wa watu arudi gizani kwa sababu ya senti. Nilimwomba akae. Kasema atafikiri. Sanduku halijaondoka mlangoni.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekwenda mkutanoni kuvunja ahadi. Tonton Kabeya ni mtu wa Lubumbashi, ana duka la vitenge mtaa wa Saint-Josse, na kwenye sarafu hana huruma. Nilimweleza ya Mama na limau, naye akaigeuza senti yangu chini ya taa mara nyingi.

"Bon. Robo yangu siwezi kukupa kwa hii, unajua."

Najua, tonton.

"Lakini maman hakuiua. Maandishi iko bado mbili. Ile haiwezi kutoka na citron. Alors, sasa uko na sarafu ya kushika. Ya kwangu hata madame kule nyumbani hana ruhusa ya kugusa."

Robo ya Wisconsin ikarudi mfukoni mwake. Iliniuma. Lakini njia nzima kwenye basi nilikuwa nawaza maneno yake.

Nyumbani nikamkuta Mama kakaa kitandani, amevaa koti. Nikamtia ile senti kiganjani. Nikamwambia ni yake, aishike atakavyo, haiharibiki tena. Akipona jicho, yeye ndiye atakayenieleza ina nini.

"Na nisipoona?"

"Utakuwa na senti, Mama."

Akacheka. Nikatoka kumtayarishia chai. Nikiwa jikoni nikasikia zipu ya sanduku ikifunguliwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Wamempasua. Imekwenda haraka kuliko kumvua nguo zake mwenyewe, maana alivaa khanga tatu kwa baridi. Jicho limefunikwa. Kala wali mwingi. Mimi sikuweza kula.

Jumatano, 15 Oktoba

Kifuniko kimetolewa hospitalini. Ndani ya teksi Mama alikuwa anageuza kichwa kila upande. Nyumbani hata ushungi hakuvua. Akaomba lenzi.

Akaitazama senti kwa muda mrefu. Kisha akaiweka mezani taratibu.

"Zaina. Wamekosea hawa. Jicho linaona viwili viwili."

Idi tayari kashika simu kupiga hospitali. Nikapiga magoti mbele ya Mama.

"Mimi unaniona wangapi?"

"Mmoja."

"Na Idi?"

"Mmoja. Kanenepa."

"Viwili unaviona wapi?"

"Hapa kwenye hela. Kila herufi ina mwenzake."

Nikakaa sakafuni. Nilicheka mpaka machozi. Idi kasimama na simu, sauti ya mtu inasema allô, allô, yeye haelewi. Nilipomweleza Mama kwamba ameona sawasawa, kwamba hilo ndilo kosa lenyewe na mimi mwaka mzima natafuta kama hilo, aliirudia lenzi. Kisha akaomba pakiti nzima.

Jumapili, 19 Oktoba

Manyunyu tangu asubuhi. Mama yuko mezani karibu na dirisha, dawa ya jicho kashatiwa. Jicho la pili ni mwezi ujao. Ametenga senti moja pembeni, anasema ina kosa. Nimemwambia huo ni mkwaruzo tu. Hakubali. Nimemwacha nayo.

Baadaye akaniita, akanitazama usoni kwa lenzi kama vile mimi nami nimechapwa vibaya. Akauliza kovu la kwenye nyusi nililipata wapi. Miaka sita niko na mwanawe, hajawahi kuliona. Nikavuta kiti, nikamweleza: ngazi za shule, mvua, dada yangu akinibeba mpaka nyumbani. Akataka kujua dada huyo yuko wapi sasa. Nikamweleza na hilo.

Chai ilipoa. Hatukuipasha moto.