Milaya ya Yar na Kiwiko Changu

Kakuma I, Turkana
14 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Yar,

Nakusalimu kwa moyo wote kutoka kwenye jua ulilolikimbia. Hujambo huko Nakuru? Yale mafua yamekuacha? Na mchumba wako Makur, yu mzima? Sisi hatujambo, ila kiwiko changu cha kulia, na ndicho kilichonifanya nikuandikie. Naandika mistari michache, napumzika. Naandika Kiswahili kwa sababu Kidinka chako ulikiacha njiani, usibishe.

Unajua tangu mwaka jana nakushonea milaya ya harusi. Ni shuka jeupe, maua mekundu pembeni, ndege wawili katikati. Mchana, upepo ukivuma nje, nainamia kitambaa hadi nasahau nilipo. Naona nyasi za kando ya mto kule Bor, tulikotoka nikiwa na miaka sita, nasikia kengele za ng'ombe, na sindano inakwenda yenyewe. Nimepitisha saa nyingi tamu namna hiyo.

Januari maumivu yakaanza upande wa nje wa kiwiko. Kuinua sufuria ikawa kazi, kukamua nguo ndiyo usiseme. Nikajidanganya kwamba ni baridi, kana kwamba Kakuma kuna baridi. Nilificha kwa sababu nilimwahidi marehemu mama yako, aliyekuwa mama kwangu pia, siku zake za mwisho, kwamba milaya yako ingetoka mkononi mwangu pekee, tangu mshono wa kwanza hadi wa mwisho. Ndivyo tunavyofanya nyumbani kwetu.

Kisha nikafanya ujinga. Nilipaka samli ya moto, nikamwomba mzee Manyok, yule anayeunga mifupa, anivute mkono. Alivuta kwa nguvu zote. Nililia, na kesho yake sikuweza kushika hata kikombe.

Basi nikaomba kibali cha kutoka kambini, nikaenda Lodwar. Mtaa wa Kanamkemer kuna tabibu anaitwa Kipchumba, wa wale wanaotibu viungo na uti wa mgongo kwa mikono. Hakukimbilia kiwiko. Aliniuliza nakaaje nikishona, akapapasa shingo, bega, kifundo cha mkono, ndipo akafika penyewe. Akaniambia, "Mama, hii mkono haijavunjika, imechoka. Kamba ya msuli imechanika kidogo kidogo, na wewe unaendelea kuvuta tu."

Ati wazungu huuita ugonjwa wa wacheza tenisi, mimi ambaye raketi sijaigusa. Alinieleza kwamba wengine huumia upande wa ndani, wengine hubanwa mshipa wa fahamu hadi kidole cha mwisho kinakufa ganzi, na aliyeanguka aende kwanza hospitali kupigwa picha. Mkono wangu aliuchezesha polepole, akanyoosha bega, akanifundisha kushusha chupa ya maji taratibu kila asubuhi. Nikalegea nikakaribia kusinzia. Halafu akasema nisishike sindano wiki sita.

Yar, siku ile harusi yako ilikuwa imebakiza wiki saba, na ndege mmoja hakuwa na mbawa. Nilirudi nikakaa na shuka mapajani siku tatu, nikiona aibu mbele ya mama yako kana kwamba yuko mlangoni. Jirani yangu Adhel akaingia, akatazama mkono, akatazama shuka. "Lete hiyo sindano," akasema. "Kwani sisi tumekufa?"

Nilimpa. Adhel anashona kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mishono yake inalala upande mwingine, na utaiona. Kiwiko kinapata nafuu, nimeanza kuinua kikombe.

Wasalimie Makur na shangazi Godelieve, na Mungu aitunze nyumba mnayoijenga. Siku utakapoitandika milaya, ukifika kwenye mbawa zile za Adhel, usiulize kwa nini nilivunja ahadi. Mama yako nilimjua vizuri. Kwanza angeuliza habari ya mkono wangu.

Dada yako asiyeacha kukupenda,
Akuol