Bika Si Pika

Nyuma ya Soko la Konyo Konyo,
Juba, Sudan Kusini.
11 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Virginia,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mtoto wako wa Juba, salamu kavu kabisa zisizotoa moshi. Hujambo? Kifua kinaendeleaje? Isaiah ameniambia kwamba unakohoa tangu mvua zianze, na kwamba umeanza kuwagawia majirani vikombe vyako. Shangazi, acha kugawa vikombe. Nikija nitanywea chai wapi?

Mimi ni buheri wa afya. Kitambi kimetokeza kidogo, cha heshima tu, na joto la huku ni lile lile.

Barua hii anakuletea Achieng, yule binti wa benki, anayekuja nyumbani kwa ndege kama watu wakubwa. Shuka iliyo kwenye mfuko ni yako. Achieng usimuulize kama ataolewa na mimi. Nilishamuuliza mwenyewe.

Sasa nasikia umesema, mbele ya watu wa kanisa, "Cyril alivuka mpaka ili akaokote kuni kama msichana." Shangazi! Kwanza siokoti. Pili, hoteli ya Thongpiny niliyokuwa dereva wake ilifungwa, wazungu wakarudi kwao, na mimi sikuwa na wazungu wa kwenda nao. Mtu aliyeachia shule kidato cha pili hangoji kuitwa ofisini.

Biashara yenyewe ni hii. Malori huleta magogo kutoka barabara ya Yei, na kila mtu anayamwaga kando ya njia yanyeshewe, halafu anauza. Mimi na mwenzangu Duku tunayapanga chini ya turubai, upepo unapita, tunayapasua kulingana na jiko la mteja, kisha ninayafikisha hadi mlangoni kwa pikipiki yangu ya magurudumu matatu. Mvua ikinyesha Juba nzima inapika kwa machozi, isipokuwa wateja wangu. Faida iko kwenye ule ukavu, na kwenye huu mdomo wangu. Nimeshamjengea mama choo cha matofali kwa pesa za kuni, waambie hao watu wa kanisa.

Lakini kidogo yote yapotee, na ndiyo habari hasa ninayotaka kukupa.

Kuna mama mmoja wa mtaa wa Malakia anaitwa Rejoice, ana hoteli ya chakula. Alikulia Uganda wakati wa ukimbizi, kwa hiyo Kiswahili anacho, kile cha mimi iko, wewe iko. Huyo ndiye aliyenitambulisha kwenye majiko yote ya Malakia. Akikukubali unauza, akikukataa pakia virago. Na kuna jamaa mwingine wa kuni, anaitwa Wol, alikuwa anamwinda Rejoice awe mteja wake, kama paka aliyeona samaki.

Asubuhi moja Rejoice akanipigia. "Cyril, leta kuni mingi. Nyumbani iko bika."

Sasa elewa, Shangazi. Wengi wa huku ulimi wao umezoea Kiarabu, p kwao inageuka b. Pikipiki yangu wanaiita bikibiki. Nikajua ni pika. Nikauliza, "Pika gani kubwa hivyo?"

"Bika ya mzee. Watu mingi nakuja."

Sauti ilikuwa nzito, nikadhani ana mafua. Nikajiambia, mzee anapikiwa, watu wengi wanakuja, basi hapo ni mahari au harusi. Duku hakuwepo kunisahihisha, alikuwa amefuata magogo. Nikaifunga pikipiki riboni nyekundu. Nikavaa lile shati langu la kasuku. Nikafungulia muziki wa Kongo mpaka vioo vikatetemeka, nikaingia Malakia napiga honi na kupaza sauti, "Bwana harusi yuko wapi? Moto umefika!"

Wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka. Wanaume kwenye viti vya plastiki. Mama mmoja mzee, baadaye nilijua anaitwa Betty, akasimama na fimbo yake.

"Ita min wen?" Yaani, wewe watoka wapi?

"Kenya, Mama!" Nilisema kama mtu anayetaja ikulu.

"Huko Kenya watu nacheka kwa bika?"

Na mimi, Shangazi, kwa kinywa hiki ulichokinywesha uji, nikajibu, "Sana, Mama! Kwetu tukipika tunacheka, tunaimba, na mwenye nguvu anacheza!"

Ndipo Rejoice akatoka ndani, amejifunga kitambaa kiunoni, macho mekundu. Akasema polepole, "Cyril. Baba yangu amekufa."

Kumbe bika ni matanga. Neno la Kiarabu cha hapa, halijui sufuria wala mwiko.

Nilizima muziki. Shati nililivua nikaligeuza, kasuku wakaingia ndani. Wol alikuwa pale pale kati ya waombolezaji, na nilimwona akimwinamia mtu sikioni. Nikajua Malakia imeniponyoka. Nilitaka kuondoka, lakini masufuria yalikuwa makubwa kama mitumbwi na moto ulikuwa wa moshi mtupu, mtu alikuwa ameleta kuni mbichi. Nikashusha mzigo, nikachukua shoka, nikapasua.

Bika ikaendelea, nami nikaendelea kuchochea. Rejoice alipita mbele yangu mara nyingi bila kunitazama. Kesho yake Mama Betty akaja akakaa karibu na moto, akanyoosha miguu.

"Jina yako nani?"

"Cyril, Mama."

Akashtuka. "Cirillo?"

"Cyril."

"Ni moja," akasema, akageuka akamwita Rejoice. Marehemu alikuwa anaitwa Cirillo. Fundi wa nguo, na kumbe alikuwa mtu wa kelele kuliko cherehani yake. "Rejoice, sikia! Cirillo amekataa kuzikwa kimya. Ametuma jina yake ije na muziki."

Rejoice akanitazama, akalitazama shati langu lililogeuzwa. Akaanza kucheka, kisha kicheko kikawa kilio, na wanawake wakamshika. Mimi nikasukuma kuni ndani.

Matanga yalipoisha alitaka kunilipa. Nilimwambia mimi na baba yake ni wa jina moja, na somo hamuuzii somo kuni. Akasema, "Malesh, basi," yaani yaishe, na juma lililofuata akaagiza za hoteli kama kawaida. Wol amehamia kwenye mkaa.

Siku hizi mteja akinipigia namuuliza kwanza, bika au pika? Ya pika analipa. Ya bika natoa mzigo wa kwanza bure. Duku ananicheka, anasema tangu nianze, wazee wa Malakia wanakufa mara mbili mbili. Waache wanidanganye. Mzigo wa pili wanalipa wote, nayo faida haijapungua.

Sasa hilo la vikombe. Isaiah anasema uliuliza siku yako ikifika nani ataleta kuni. Ni mimi. Zipo, ni za mgunga, nimezipanga mwisho kabisa wa turubai na Duku haruhusiwi kuzigusa. Lakini ubaya wa kuni kavu, Shangazi, ni kwamba haziozi. Zinaweza kungoja miaka. Wewe omba hivyo vikombe virudi.

Nisalimie Isaiah na huo mdomo wake, Phineas na ng'ombe wake, Valary na mapacha. Mama mwambie nitapiga simu Jumapili.

Mungu akuongezee pumzi, na kila moshi utakaoonekana juu ya paa lako mwaka huu uwe wa pika.

Mwanao wa Juba, akupendaye kwa kelele,
Cyril