Chumvi Isiyo na Nafasi kwenye Fomu

Baba yangu,

Ni saa mbili asubuhi na tayari nimechoka. Nakuandikia ofisini, kwenye maabara ya maji hapa Nyeri, kabla mkubwa wangu hajafika.

Unakumbuka tulivyobeba vifaranga vya trauti, wale samaki wa mito ya mlimani, hadi Karatina? Ulitia chumvi kidogo ndooni, ukachovya kidole, ukalamba. "Mami, onja," uliniambia, kwa kuwa nina jina la mama yako. "Hii samaki haiishi kwa maji ya kitabu. Inaishi kwa hii ndoo." Nilionja, nikatema, ukacheka.

Wiki jana wenzako, wafugaji wa trauti, walileta dawa ya kusafishia mabwawa ili ipimwe. Ina chembe za madini ya fedha, ndogo mno, hazionekani kwa macho. Maabara ilikuwa na uduvi wa baharini tu, basi dawa ikajaribiwa kwao, kwenye maji ya chumvi. Wakaishi. Nami nikachapa: haina madhara kwa viumbe wa majini. Fomu yetu ilitengenezwa kwa visima na mito. Haina nafasi ya chumvi. Huku mlimani nani huiulizia?

Jana nikasoma hadi mwisho daftari la mpimaji aliyeijaribu dawa. Kwenye chumvi nyingi chembe hizo hushikamana na kuzama. Kwenye maji ya mto yasiyo na chumvi huelea zimetawanyika, fedha huyeyuka, huingia kwenye matamvua ambayo samaki hupumulia, na kuwaua.

Nilimwambia mkubwa. Akacheka.

"Ati karani amekuwa daktari wa samaki? Bahari iko wapi hapa Nyeri?"

"Ndiyo shida, bosi. Haiko."

Hakucheka tena. Alisema hatuwezi kujiaibisha mbele ya wateja, na kama naitaka kazi nikae kimya.

Naitaka, Baba. Mama ananitegemea. Sikulala vizuri. Lakini wale wafugaji ndio waliobeba jeneza lako.

Nimeandika kwa kalamu chini ya fomu: "Ilipimwa kwa maji ya chumvi. Isitiwe bwawani kabla ya kupimwa upya kwa maji ya mto." Nikatia sahihi yangu.

Mwenyekiti wao amefika mapema, yuko mlangoni na buti zenye tope. Naenda kumsomea mwenyewe.

Pumzika, Baba. Mimi bado.

Binti yako, Mami