Fundo la Mbuzi Kwenye Upanga wa Mzee Khalfan

Da Mwanaidi wangu,

Salamu kutoka Maskati, ambako jua lingekukaushia kanga hujazitoa kwenye beseni. Jana nilikuwa mtaa wa Bustan kwenye maonesho ya mambo ya kale. Pale langoni kila upanga hufungwa na ala yake kwa kamba, usije ukachomolewa kwenye umati. Nikawaambia wafungaji, "Nipisheni, mimi nimefunga mizigo bandari tatu!" Nikaufunga wa Mzee Khalfan, mzaliwa wa Unguja, kwa kamba aliyoisuka marehemu mkewe. Nikapiga lile fundo lako la mbuzi.

Zamu yake ya kucheza razha, ngoma yao ya panga, ikafika. Fundo halifunguki! Wenzake wameshajipanga.

"We mtoto wa Tanga, nnaitwa! Umefunga upanga au mbuzi wa Idi?"

"Tuikate kamba, babu?"

"Thubutu! Kazi ya mikono ya mke wangu hiyo!"

Nikavuta, nikauma kwa meno, wapi! Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukinichapa vidole ukinifunza kulifungua: "Usivute, sukuma!" Nikaisukuma kamba irudi ndani, fundo likalegea. Mzee akakimbilia uwanjani, akaurusha upanga juu na kuudaka kama kijana.

Aliporudi akauliza nani kanifunza. Unanijua, ulimi ulishafika kwenye "mimi mwenyewe." Nikasema, "Dada yangu, yuko Tanga."

"Mwambie kamba ya mke wangu nzima."

Basi nimekwambia. Mungu akutunzie mikono hiyo, na mbuzi wako wasalimie.

Nduguyo msafiri,
Hamisi