Duara Jekundu Kwenye Namba Tisa

KITUO CHA POLISI, PORT LAVALLÉE, ONTARIO
Maelezo ya shahidi, Jumatano tarehe 12 Februari 2020, saa 3:10 asubuhi

Jina: Orest Halabura
Umri: Miaka 71
Kazi: Mwalimu mstaafu wa fizikia, mtunza kibanda cha adhabu, uwanja wa barafu wa mjini
Makazi: Mtaa wa Spruce, nyumba namba 48

Kosa wanalofanya watu wengi ni kuuliza kama pigo lilikuwa kali. Katika mpira wa magongo wa barafuni mapigo makali yanaruhusiwa, na kila anayelipwa kucheza anajua hivyo. La kuuliza ni kile kisahani cheusi kinachogombewa kilikuwa wapi. Ukikigombea, umekubali kugongwa. Ukishakitoa na kikafika mbali, hukukubali chochote.

Nimekaa kwenye kibanda cha adhabu miaka ishirini na sita. Mchezaji akitolewa na refa, mimi humfungulia mlango, hukaa naye mpaka dakika zake ziishe, kisha humwachia arudi.

Mnamo Jumamosi tarehe 8 Februari mechi ilianza saa nane mchana. Saa tisa kasoro dakika tano aliletwa Tyler Sproule, namba 27 wa timu yetu, kwa kumchapa mpinzani gongo mkononi. Nilimfundisha sekondari.

"Mwalimu, hiyo saa yako imelala?"

"Wewe ndiye ulilala darasani kwangu miaka miwili. Kaa."

Alicheka kidogo. Kisha alimtazama kocha wetu, Garnet Mulvihill, aliyekuwa ng'ambo ya barafu. Akasema, "Mzee hajaniondolea macho. Ile kazi ya namba tisa bado."

"Kazi gani?"

"Si umeuona ubao?"

Nilikuwa nimeuona. Kabla ya kila mechi mimi huingia chumba cha wachezaji kuchukua orodha ya majina. Kocha huandika ubaoni namba za wapinzani. Inayozungushiwa duara jekundu ni ya mtu wa kubanwa, na pembeni huwekwa namba ya atakayembana. Siku hiyo duara lilikuwa kwenye tisa, na pembeni ishirini na saba. Chini yake palikuwa na maneno: "Asimalize mechi." Niliyasoma, nikachukua orodha yangu, nikatoka.

Saa tisa na dakika arobaini namba tisa wa wageni, Mathis Guérette, umri miaka 23, alitoa pasi karibu na kibanda changu. Kisahani kilivuka hadi upande wa pili wa uwanja. Nimezoea kuhesabu sekunde, nilihesabu tatu. Ndipo Sproule akamjia kwa nyuma na kumpiga kiwiko kisogoni, kichwa kikagonga ukuta wa uwanja. Kofia ilimtoka. Alilala akikoroma kama mtu aliye usingizini.

Mtu mmoja jukwaani alipiga kelele, "Inuka, bi harusi!" Watu walicheka. Machela ilipoingia waliacha.

Sproule aliletwa kwangu kabla refa hajamtoa mchezoni kabisa. Aliniuliza mara mbili, "Ameamka?"

Baada ya mechi Mulvihill alinishika bega kwenye ujia. "Mwalimu, wewe mtu wa nyumbani. Ligi itamfungia mechi nane, tumemalizana. Polisi wanajua nini kuhusu barafu?"

Nilimwambia nitalifikiria. Nimelifikiria siku nne. Jana nilimpigia simu mama yake Guérette, hospitalini Sudbury. Mwanawe hajafungua macho. Aliniuliza kama ilikuwa bahati mbaya. Nilishindwa kusema ndiyo.

Siombi Sproule afungwe. Naomba aulizwe, na aliyemtuma aulizwe pia. Ligi inaweza kumfungia mchezaji mechi, lakini haina uwezo wa kumhoji kocha chini ya kiapo.

Nimesema niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, bila kushurutishwa.

(Sahihi) O. Halabura

Maelezo haya yameandikwa nami, Konstebo Jolene Wabano, na kusomwa na shahidi saa 4:05 asubuhi. Kabla ya kuondoka aliomba kuongeza yafuatayo kwa mkono wake:

Timu iliondoka Jumamosi ileile kwa mechi za ugenini na chumba kimefungwa tangu hapo. Wanarudi leo saa kumi jioni, na ubao hufutwa tu kabla ya mazoezi, kwa hiyo maneno yale bado yapo. Chukueni hati ya upekuzi leo, mkaupige picha kabla ya saa kumi.