Nani Amwogeshe Bi Shemsa?

Alhamisi, Lewisham, Landani. Mvua ya kuudhi, hainyeshi ikanyesha wala haikatiki. Nimerudi nyumbani viatu vimelowa, na kwa hasira nilizonazo hata chai haipiti.

Nimechoka na serikali. Nimechoka na watu wa hisani. Leo nimechoka nao wote kwa pamoja.

Bi Shemsa ni jirani yangu, anakaa ghorofa ya juu yangu. Mtu wa Wete, Pemba. Alifika Landani bado msichana, miaka ile baada ya mapinduzi, akafanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali mpaka akastaafu. Hana mtoto, na mumewe keshatangulia mbele ya haki. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, na tangu hapo hawezi kuvuka ukingo wa bafu. Anajifuta kwa kitambaa kwenye sinki huku kaegemea ukuta. Na huyu ni mwanamke ambaye zamani akipita kwenye ngazi, harufu ya udi wake ilibaki mpaka mchana.

Kaunsili, yaani serikali ya mtaa, walimleta afisa. Akapima, akaona kwa macho yake, akakubali: bafu litolewe, iwekwe shawa ya kuingia bila ya kunyanyua mguu. Tukaambiwa tusubiri zamu. Tukasubiri. Kila nikipiga simu ni ule muziki, kisha sauti ya kuniambia kwamba simu yangu ni muhimu kwao.

Hapo ndipo jumuiya yetu, ya watu wa Visiwani tuliopo huku, ilipoingia.

Mwenyekiti wetu, Bwana Nassor, ni mtu mwema, nasema kwa dhati. Lakini ana imani yake moja: kwamba kuisubiri serikali ikutunzie wazee wako ni aibu, na watu wetu tutawaangalia wenyewe. Akachangisha fedha za kumtengenezea bafu. Jumapili akaja kwa Bi Shemsa na kinamama wawili, bango la jumuiya, na simu ya kurekodi ili waliochanga waone.

Bi Shemsa alikuwa kitandani na kanga yake, kichwa wazi.

"Zima hiyo," alimwambia.

"Bibi, ni ya kuwaonyesha wafadhili tu."

"Nimefua mashuka ya nchi hii mpaka mikono ikababuka. Kodi wamenikata kila mwezi. Leo wewe unitie kwenye simu za watu nionekane masikini? Chukua bango lako, mwanangu, nenda zako."

Wakaondoka. Mimi nilikuwepo, na moyoni nilimpigia makofi. Nikasema potelea mbali, kaunsili watakuja, ni haki yake.

Leo mchana, baina ya mzee mmoja na mwengine (kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani kwao), nikapiga simu tena. Akapokea binti mmoja mwenye sauti ya upole. Akaniambia faili la Bi Shemsa limefungwa.

Limefungwa!

"Kwa sababu gani?"

"Tuliarifiwa kuwa jumuiya yake inamtengenezea bafu. Kwa hiyo hana haja tena."

Nilikuwa kituoni. Basi langu lilikuja, likafungua mlango, likaondoka, nami nimesimama tu.

Nikampigia Bwana Nassor. Hakuficha. Kabla ya Jumapili ile alikutana na yule afisa kwenye mkutano, na kwa fahari akamwambia wasijisumbue, sisi tunatunza wetu; alipofukuzwa hakurudi kumwarifu. "Nilidhani namsaidia, Raya," alisema. Sikumjibu vizuri. Nilimwambia maneno ambayo huenda nikayajutia, ila moja sitolijutia: mtu wa hisani akikasirika anageuza mgongo na kwenda zake, na mwenye shida hana pa kumshitaki.

Naye akasema, "Na hiyo serikali yako iliyofunga faili bila hata ya kumpigia mwenyewe simu, utaishitaki wapi?"

Swali hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Maana mimi serikali na hisani zote mbili naziona kutoka ndani. Mchana nalipwa fedha za kaunsili kumwogesha mama wa mtu kwa dakika nilizopangiwa, na dakika zikiisha natakiwa nikimbilie kwa mwengine hata kama huyu analia. Lakini bila ya fedha hizo, wale wazee wangu wasio na jirani wala jumuiya wangeoza vitandani. Na bila ya jumuiya, Bi Shemsa asingepata hata bakuli la supu alipotoka hospitali. Nikilazimishwa kuchagua, nachagua haki: kitu unachokipata bila ya kumsubiri mtu akuonee huruma. Lakini haki gani hiyo isiyoweza kufika chooni kwa mtu?

Jioni nilipanda kwake. Nikaweka kiti cha plastiki katikati ya choo, nikajaza ndoo mbili za maji moto, nikamwogesha. Alifumba macho maji yalipomshuka mabegani. Akalalamika kwamba mkono wangu mzito.

Nilimweleza yote. Nikamwambia kwamba nilimpigia tena Bwana Nassor na kakubali, kesho tunakwenda pamoja ofisini kwa kaunsili. Yeye atakiri kwa mdomo wake kwamba alikosea, na mimi sitoondoka mpaka walifungue faili.

Alichukua taulo kwa mkono wake mzima, akajifunika mabega.

"Nassor kanisemea kwa afisa," alisema. "Afisa kanisemea kwenye kompyuta. Na wewe kesho unataka kunisemea. Mimi kiharusi kimenishika mguu, hakikunishika ulimi."

Sikuwa nimemuuliza kama anataka kuja. Hata haikunipitia akilini.

Basi tunakwenda watatu. Nimempigia Bwana Nassor aje mapema tumteremshe ngazi na kiti chake cha magurudumu. Nguo ya kuvaa keshaichagua, na kanipa niipige pasi.

Kesho kazi yangu ni kushika kiti na kufunga mdomo.